Gari Linapokesha, Dereva Asilale



Juma hili hatutaanza na masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tutaanza na safari, kwa kuwa tunalo deni la kuungama jambo mbele yenu, na deni likikaa muda mrefu huzaa riba.

Ilikuwa jioni moja ya Kwaresima. Tulikuwa tukirudi kutoka Morogoro mjini, ambako tulikwenda kwa shughuli za Kanisa. Gari la parokia lilikuwa gereji, nasi tukapewa msaada na kijana wetu mmoja, mzaliwa wa huku Lumuma anayefanya kazi Dar es Salaam, aliyekuwa akija kumsalimu mama yake. Garini tulikuwa wanne: kijana huyo, katekista, mama mmoja wa WAWATA, nasi tuandikao maneno haya, tuliopewa heshima ya kiti cha mbele.

Gari lenyewe lilikuwa la umeme. Halikuwa na tangi la mafuta wala muungurumo. Kijana alilinunua likiwa limekwisha kutumika ng'ambo, na usiku uliotangulia alililaza kwa ndugu yake pale Morogoro, likanywa umeme kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Alitueleza kwamba soketi ya namna hiyo huongeza mwendo wa kilomita kama 10 hadi 15 kwa kila saa moja, hivyo mwenye gari hujifunza uvumilivu. Alitueleza pia kwamba linapopanda mlima hula betri upesi, na linaposhuka, mota yake hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya kile kilicholiwa. Sisi watu wa milimani tulilifurahia sana neno hilo.

Kisha akasema jambo la tatu, tena kwa fahari: usiku ule ule, gari likiwa limelala uani, lilipokea sasisho. Yaani mtengenezaji, akiwa mbali ng'ambo, alituma programu mpya kwa njia ya intaneti ya nyumba ile, na asubuhi gari likaamka likiwa na mambo ambayo jana yake halikuwa nayo. Kazi ya kijana ilikuwa kubonyeza neno moja tu kwenye kioo: nakubali.

Tulipoipita Doma na kuikaribia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kijana aliwasha mfumo wa kumsaidia dereva. Kamera zilisoma mistari iliyochorwa barabarani, rada ikapima umbali wa lori lililotangulia, na usukani ukawa unajisogeza polepole wenyewe. Hapa ndipo penye ungamo letu. Ni sisi tuliomwambia aondoe mikono tuone. Alisita, akasema hairuhusiwi. Tukamsihi kwa utani, kama wazee wanavyowasihi vijana, naye kwa heshima ya kanzu akainua mikono. Tulipiga makofi, katekista akapiga kigelegele kama mwanamke, na kengele ya gari ikalia kumtaka dereva arudishe mikono. Akairudisha. Tukacheka.

Ndugu wapendwa, barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia hukatiza hifadhi ile kwa takriban kilomita 50. Alama zake huamuru mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, kwa kuwa wanyama huvuka wapendapo. Giza lilikuwa linaingia, manyunyu yakaanza, lori la mbele likatuacha. Kijana alitaka kuongeza kasi ya waipa. Katika gari lile amri hiyo haikuwa kwenye kijiti cha usukani bali ndani ya kioo cha katikati, na mahali alipozoea kuigusa haikuwapo tena. Sasisho la usiku lilikuwa limeihamisha. Akainamisha macho kuitafuta, akiwa na amani moyoni, maana gari lilikuwa likijishikilia lenyewe katikati ya mistari.

Tulikuwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hula karibu mita 17 katika sekunde moja. Sekunde tatu za kutazama kioo ni mita 50 za barabara isiyotazamwa na mtu. Katekista alikuwa amesinzia. Sisi nasi, rozari ikiwa mkononi na fumbo la tatu likiwa halijaisha, tulikuwa tumefumba macho, wala hayakuwa ya sala.

Aliyepaza sauti ni yule mama wa WAWATA: "Mwanangu, wanyama! Wanyama hao!"

Pundamilia watano au sita walikuwa katikati ya lami. Gari halikulia kengele wala kushika breki. Kijana alikanyaga breki kwa miguu yake mwenyewe, gari likasota kidogo kwenye maji na kusimama hatua chache kutoka kwa mnyama wa mwisho, ambaye alitutazama kisha akaendelea na safari yake. Hakuna aliyeumia. Mikono ya kijana ilitetemeka hata tukafika Mikumi mjini, na hakuna aliyesema neno.

Tulilala Mikumi, kwa kuwa gari lile limekaa chini mno kwa barabara ya vumbi, mawe na makorongo ya kuja kwetu. Wakati wa chakula cha usiku kijana alilifungua tangazo la sasisho na kitabu cha maelekezo, akatusomea. Yote yalikuwamo. Iliandikwa kwamba amri ya waipa imehamishwa na mahali ilikopelekwa. Iliandikwa kwamba mfumo waweza usiwatambue wanyama, na kwamba mvua, tope na mwanga hafifu huzipunguzia kamera uwezo. Iliandikwa kwamba dereva ndiye mwenye wajibu wakati wote. Yeye alibonyeza "nakubali" bila kusoma, kama vile wakulima wetu wa vitunguu wanavyotia dole gumba kwenye karatasi za mkopo, wakaja kuyajua masharti siku ya kudaiwa.

Tukamwuliza yule mama ilikuwaje yeye peke yake awe macho. Akajibu: "Baba Paroko, mimi sikulala kwa sababu sikuelewa ni nani anayeendesha."

Tangu jioni ile tumelichunguza jambo hili kadiri tulivyoweza, na tumeona kwamba yaliyotupata sisi yamewapata wengi. Wahandisi wa SAE International wamezipanga ngazi sita za gari kujiendesha, kuanzia 0 hadi 5. Magari mengi yenye kushika njia na kupunguza mwendo yenyewe, yakiwa barabarani leo, yapo ngazi ya 2: yanasaidia, lakini dereva ni binadamu, naye anapaswa kutazama mbele muda wote. Hatari imo katika ngazi hiyo hasa. Gari lisilosaidia humfanya mtu awe macho, bali gari linalosaidia vizuri mara tisini na tisa humfundisha kulala mara ya mia.

Desemba 2023 kampuni ya Tesla iliyaita kwa marekebisho magari zaidi ya milioni 2 nchini Marekani, kwa sababu wakaguzi wa usalama barabarani waliona kwamba mfumo wake haukumzuia vya kutosha dereva asiache kuwa makini. Magari hayo hayakurudishwa gereji. Dawa ilitumwa kwa sasisho, na sehemu kubwa ya dawa hiyo ilikuwa kumwonya dereva zaidi. Aprili 2024 wakaguzi hao walifungua uchunguzi mwingine kuona kama dawa ilitosha. Hapo tunajifunza kwamba sasisho si adui. Laweza kuponya kosa katika magari milioni kwa siku chache, jambo ambalo zamani lingechukua miaka. Lakini haliwezi kuingia moyoni mwa dereva na kumfanya atake kukesha.

Kuhusu wanyama, mwaka 2017 Volvo ilieleza kwamba mfumo wake, uliojifunza kuwatambua wanyama wakubwa wa porini kule Sweden, ulichanganyikiwa na kangaruu wa Australia. Kangaruu akiruka huonekana kama yuko mbali, akitua huonekana kama yuko karibu. Basi, wapendwa, mashine hujua kile ilichofundishwa. Ni nani aliyeifundisha juu ya pundamilia wa Mikumi wakati wa magharibi? Ni nani aliyeifundisha juu ya barabara ya Lumuma, isiyo na mstari hata mmoja, ambako mbuzi, bodaboda yenye magunia ya vitunguu na mtoto anayekwenda mtoni hugawana njia moja?

Tena, mkono ule unaotuma waweza pia kunyamaza. Mwaka 2024 huko Uingereza, wenye magari ya zamani ya Nissan Leaf walizimiwa huduma ya kuliongoza gari kwa simu, kwa kuwa mtandao wa 2G uliotegemewa na magari hayo ulikuwa ukielekea kufungwa. Magari yaliendelea kutembea, ila sehemu ya walichokinunua iliondoka. Anayenunua gari lililotoka ng'ambo na aulize mapema: je, litapokea masasisho katika nchi yetu? Ni nani atakayelihudumia?

Hatuandiki haya ili kumzuia mtu asinunue gari la umeme. Vijana wetu wameanza kuyaleta, na treni ya umeme ya reli ya kisasa imekuwa ikipita Kilosa tangu mwaka 2024. Hatutarudi kwenye punda. Tunaandika ili tukumbushane mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kubonyeza "nakubali", soma. Ikiwa lugha ni ngumu, mwombe anayeielewa akusomee. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa, kupitia jukwaa lake la kanuni za magari, ulipitisha kanuni inayomtaka mtengenezaji amwarifu mwenye gari juu ya sasisho. Lakini taarifa isiyosomwa ni sawa na barua iliyoachwa mlangoni.

Pili, baada ya sasisho, liendee gari lako kama mgeni. Likiwa limesimama, tafuta taa ziko wapi, waipa ziko wapi, kengele zinalia vipi. Usiyatafute hayo ukiwa katikati ya hifadhi.

Tatu, na hili twajiambia sisi wenyewe kwanza: abiria asimshawishi dereva. Mara nyingi tunamlaumu kijana aliye kwenye usukani, na kumbe wazee waliomo ndani ndio waliompigia makofi. Kijana yule alitwambia kwamba hairuhusiwi. Alijua, na sisi tuliutumia mzaha na heshima ya wadhifa wetu kumfanya atende kinyume cha alichokijua. Kesho yake asubuhi tulimwomba msamaha mbele ya wenzetu wale wawili. Leo tunauomba mbele yenu.

Wapendwa, kwaheri ya bustani ya mizeituni tunaisoma kila mwaka katika Juma Kuu, nasi huwashangaa wale wanafunzi walioshindwa kukesha saa moja. Safari hii tumejikuta tukisinzia pamoja nao, rozari mkononi.

Nanyi watu wa Lumuma mwalijua fundisho hili kuliko sisi, kwa kuwa mnamwagilia vitunguu. Mfereji huleta maji wenyewe, hausukumwi na mtu. Hata hivyo, ikifika zamu yako ya usiku, unachukua jembe na tochi, unaufuata mfereji tangu juu hadi shambani, maana unajua tope kidogo tu, au shimo la kaa, hutosha kuyapeleka maji yote korongoni. Hakuna anayeudharau mfereji kwa sababu hiyo, na hakuna anayeuachia shamba akalale.

Kijana wetu amerudi Dar es Salaam salama. Alitupigia simu kwamba aliipita hifadhi mchana, mikono ikiwa kwenye usukani, na yule mama wa WAWATA amemwagiza apige simu kila atakapofika.

Tunawatakieni nyote Dominika njema na safari njema.