Duma wa Dhahabu

Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1500. Upande mmoja ina sura ya Mwalimu Nyerere, na upande wa pili yumo duma. Ilikuwa moja katika mfululizo wa sarafu zilizotolewa na nchi mbalimbali kwa ajili ya kuhifadhi wanyamapori, zikakusudiwa wakusanyaji wa ng'ambo. Hapana aliyeitoa mfukoni kununulia samaki Darajani. Zilizopigwa chapa hazikufika 4,000 kwa jumla, na katika kila moja mna dhahabu safi ya gramu 30 hivi.

Shilingi 1500 leo haziwezi kununua hata dola moja. Lakini ilipovuka bei ya wakia ya dhahabu dola 4,000, mwezi wa Oktoba 2025, dhahabu iliyomo katika sarafu hiyo hiyo ilikaribia dola 3,900. Tarakimu iliyochorwa usoni imekufa, na madini yaliyoibeba yamenona. Inabaki thamani ya tatu, ile ambayo haimo katika chapa wala katika mizani: atatoa nini juu ya dhahabu yule anayeitaka sarafu kwa kuwa ni sarafu?

Walioliona jambo hili kwa uwazi zaidi ni Wamarekani, maana wao walizipiga nyingi. Mwaka 1986 walitoa dola tano za dhahabu kuadhimisha miaka mia moja ya Sanamu ya Uhuru. Kiwango cha mwisho kilikuwa 500,000, na watu wakazigombea mpaka zikakaribia kwisha zote. Mwaka 1997 wakatoa nyingine, uzito ule ule, ya Jackie Robinson, mtu mweusi aliyeuvunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli mwaka 1947. Kufikia wakati huo wanunuzi walikuwa wamechoshwa na ukumbusho juu ya ukumbusho. Zile zisizong'arishwa kwa sura ya kioo ziliuzwa 5,174 tu.

Miaka ikapita. Sarafu ya Sanamu, iliyopendwa na kila mtu, ikawa inauzwa kwa bei ya dhahabu yake, maana kila aliyeitaka anayo. Ya Robinson, iliyoachwa rafuni, ikafikia maelfu ya dola katika miaka ya 2000, wakati dhahabu iliyomo ilikuwa ya mia chache. Wenye diwani zao hawatashangaa. Kitabu kilicholala maboksini kwa mchapishaji ndicho kinachokuja kutafutwa kwa taa miaka arubaini baadaye.

Hata hivyo anayedhani uchache pekee ni utajiri amekosea hesabu. Bei ya Robinson nayo ilikuja kulegea, hali idadi yake haikuongezeka hata kwa moja. Waliopungua ni waitakao. Sarafu chache mbele ya wapenzi wachache zaidi ni bidhaa iliyododa, hata ikiwa na hati na kijaluba cha mahameli. Na dhahabu inapopanda huimeza nyongeza ya mkusanyaji: aliyekuwa tayari kulipa dola mia mbili juu ya sarafu ya dola mia tatu hulipa kwa kusitasita juu ya ile ya dola elfu.

Kuna na moto. Mwezi wa Januari 1980 dhahabu ilipofika dola 850 kwa wakia, bei isiyopata kuonekana kabla ya hapo, sarafu nyingi duniani zilitiwa kalibuni. Vitabu vya wakusanyaji huandika ngapi zilizaliwa. Ngapi zilizosalia hapana aandikaye. Kila bei inapopaa, sarafu za ukumbusho hupungua kimyakimya, na huenda hilo ndilo litakaloziinua zilizobaki. Kejeli yake si ndogo, kwa sarafu iliyochorwa mnyama ili asitoweke.

Basi duma wa 1974 ana mustakabali gani? Jibu haliko London wala New York. Wachina walipopata mali walianza kuzirudisha kwao sarafu za Kichina zilizokuwa zimetawanyika ughaibuni, na bei zikapanda. Thamani ya ukusanyaji hufuata wananchi wenye nafasi na mapenzi. Siku watakapotokea Watanzania wa kutosha wanaoona fahari kumiliki dhahabu yenye sura ya Mwalimu, chini ya 4,000 haitakuwa idadi ya kuwatosha. Wasipotokea, ni gramu 30. Mtu mwenye tahadhari aihesabu dhahabu kuwa ndiyo mali yake, na hayo mengine ayahesabu kuwa bahati.

Lakini chukua mjane aliyeikuta moja ndani ya sanduku la marehemu, naye ana ada za skuli za kulipa. Anaipeleka kwa sonara. Sonara si mwizi. Kazi yake ni bangili na vipuli, naye hununua kwa gramu. Anaitoa sarafu ndani ya kijaluba, kijaluba anakiweka kando pamoja na hati yake, kisha anaishika kwa vidole vitupu, aliyoshikwa kwa pamba tangu 1974, na kuilaza juu ya mizani. Duma amelalia uso. Mjane anauliza kama ile karatasi nayo ina bei.