Mzee na wimbo wa Dire Straits

Leo naomba tupumzike na siasa. Nina kisa cha nyumbani.

Sisi wapenda roki hapa Dar ni wachache na tunajuana. Ukisikika unasikiliza gitaa la kukwaruza ndani ya daladala, watu wanakuangalia kama umepandwa na pepo. Ndiyo maana Jumamosi jioni tunakutana wanne, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Sheria ni mbili tu: kila mtu analeta wimbo mmoja, na hakuna kuongea mpaka uishe. Kuna mwenzetu kila wiki analeta Nirvana, tumeshamsamehe. Lakini faida naiona. Dada mmoja wa kundi letu, mwanakwaya, ndiye aliyenionyesha jinsi sauti zinavyopandana katika Bohemian Rhapsody ya Queen. Mimi miaka yote nilikuwa nasubiri gitaa tu!

Basi zamu ikafika kwetu Tabata. Nikachagua Brothers in Arms ya Dire Straits. Albamu yenye jina hilo ilitoka mwaka 1985, ila wimbo wenyewe Mark Knopfler aliuandika kutokana na vita vya Falkland, Uingereza na Argentina, mwaka 1982. (Knopfler nampenda kwa upendeleo pia, maana kabla ya umaarufu alikuwa ripota wa gazeti kule Leeds. Tuyaache hayo.) Unaanza na ngurumo za radi, kinanda kinafuata, halafu gitaa linaingia taratibu kama mtu anayebisha hodi usiku wa manane. Dakika kama saba hivi, na hakuna anayekimbizwa.

Mzee alikuwa barazani na redio yake. Yeye ni mtu wa Msondo na Sikinde. Roki anaiita kelele za mafundi bati. Wimbo ulipofika katikati nikasikia redio imezimwa. Nikageuka, nikamwona amesimama mlangoni.

Ulipoisha wenzangu wakamwamkia. Akaitikia bila kuwaangalia.

"Huyu anamlilia nani?"

Nikamweleza kwamba anayeimba ni askari, anakufa vitani, na anazungumza na wenzake ambao hawakumkimbia.

Jamani, baba yangu alikwenda vita vya Kagera. Sisi watoto tunajua hivyo kwa sababu ya picha moja ya zamani na kovu la begani. Kila nilipomuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Tulikwenda, tukarudi." Mimi ninayelipwa kwa kuhoji watu nilishindwa kumhoji mtu ninayekula naye sahani moja.

Akavuta kiti. "Huyu mpiga solo hana haraka," akasema. Kisha, bila kuulizwa, akaanza. Mwishoni mwa 1978, upande wa Kyaka, alikuwa na rafiki, kijana wa Songea, wakilala handaki moja. Alikuwa anaimba vibaya mno, wakimtania kila usiku, naye haachi. Asubuhi moja kombora likatua karibu yao. Wakambeba kwenye turubai, watu wanne, hawakufika kwa daktari.

"Alikuwa anaomba maji," mzee akasema. "Sikuwa nayo."

Akalitaja jina lake. Ndilo jina la mdogo wangu wa mwisho. Miaka yote tulidhani amepewa jina la ukoo wa mama.

Hakuna aliyesema kitu. Hata yule wa Nirvana alikuwa anaangalia sakafu. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikanyoosha mkono kwenye simu niwashe kinasa sauti.

"Acha hicho kidude, mwanangu," akasema. "Rudisha wimbo."

Nikaurudisha mwanzo, tukausikiliza tena, safari hii tukiwa watano.