Mji wa Zafarani

Katika nchi ya Uturuki, upande wa kaskazini, uko mji mdogo uitwao Safranbolu. Mji huo umejengwa bondeni. Jina lake limetoka katika zafarani, mmea wenye maua ya zambarau. Ndani ya kila ua mna nyuzi tatu nyekundu, nazo hutiwa katika vyakula. Maua huchumwa alfajiri, wakati wa vuli. Ili kupata kilo moja ya zafarani kavu, yatakiwa maua kama 150,000. Hesabuni, watoto: vidole vya mchumaji vinainama mara ngapi?

Wageni wanaokuja kupumzika siku za likizo huutembelea mji huu kwa miguu, maana njia zake ni nyembamba, nazo zimetandikwa mawe. Katikati wanaona jengo kubwa la mawe, jina lake Cinci Han, lililojengwa katika karne ya 17. Toka karne ya 13 misafara ya wachuuzi ilipita katika mji huu. Katika jengo hilo wasafiri walilala salama pamoja na mali zao. Karibu na hapo ipo njia ya wahunzi, na mlio wa nyundo wasikika.

Lakini sifa ya mji ni nyumba zake. Chini ni mawe, juu ni miti na matofali ya udongo, kisha zimepakwa chokaa. Ghorofa ya juu imejitokeza mbele, juu ya njia, na madirisha yake ni mengi. Nyumba zimepandana mlimani, lakini hii haimzibii jirani jua lake. Katika nyumba nyingine limo kabati la kuzunguka ndani ya ukuta. Wanawake waliweka chakula upande wao, wakalizungusha, na wageni wa kiume wakakipokea upande wa pili bila kuonana nao. Nyingine zina birika kubwa la maji chumbani, la kuleta baridi na kuzima moto.

Basi, mji huu ulikaribia kupotea. Reli ilipokuja, misafara ikakoma. Mwaka 1937 watu walianza kujenga kiwanda kikubwa cha chuma huko Karabük, jirani yake. Wengi wakaenda kutafuta kazi na kujenga nyumba mpya za saruji. Nyumba za zamani zikabaki bila watu. Na nyumba ya miti isiyo na mtu haidumu: kigae kimoja huanguka, mvua huingia, boriti huoza, mwisho ukuta huanguka.

Katika miaka ya 1970 wakubwa wa mji na wataalamu wakaamka. Wakakataza kubomoa nyumba hizo, mafundi wakaanza kuzitengeneza. Mwaka 1994 UNESCO ikauandika mji huo katika urithi wa dunia.

Wageni husifu uzuri wa nyumba hizo, wakaenda zao. Lakini si sifa zilizoziokoa. Ziliokolewa na yule aliyepanda juu ya paa, akarudisha kigae mahali pake. Wazee wamesema kweli: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Jina la mji limetoka wapi?
2. Kwa nini watu waliziacha nyumba zao?
3. Katika kijiji chenu, ni kitu gani cha wazee kinachotaka kutengenezwa? Nani atakitengeneza?