Nyumba Yenye Wapangaji

Wahenga walituachia usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa miaka mingi niliuchukua usemi huo kuwa ni wa nyumba za udongo na makuti. Siku hizi ninatunza nyumba ya namna nyingine, isiyozidi ukubwa wa kamusi, nayo imenifundisha usemi ule upya.

Nyumba yenyewe ni kompyuta ndogo ya mtumba iliyo juu ya kabati la sebuleni, haizimwi usiku wala mchana. Hiyo ndiyo seva yetu. Ndani yake nimesimika Proxmox, programu inayotengenezwa mjini Vienna, Austria, na iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Kazi yake ni kuigawa kompyuta moja iwe kama kadhaa. Kila moja ya hizo, yaani mashine pepe, hujiona ina kumbukumbu na diski yake yenyewe, isijue kwamba vyote hivyo ni vya kuazima. Wazo hili si geni, kwani kampuni ya IBM ililifanyia kazi kwenye mitambo yake mikubwa tangu miaka ya 1960. Lililo geni ni kulikuta sebuleni kwa mtu wa kawaida.

Kusimika kulikuwa kazi ya jioni moja tu. Wapangaji wakahamia. Wa kwanza anatunza picha za ukoo na sauti ya marehemu baba, niliyoihamisha kutoka kwenye kanda za kaseti. Wa pili anatunza hesabu za duka la dada yangu. Wa tatu ni wa mpwa wangu, anayejifunzia humo. Akiharibu, tunamrudisha alipokuwa jana.

Mwezi Agosti 2025 likatoka toleo la 9, lililojengwa juu ya Debian 13, ilhali la 8 lilisimama juu ya Debian 12. Kwa maneno mengine, ni kubadilisha msingi huku wapangaji wamo ndani. Mtu anaweza kuuliza, kwa nini usiache kitu kinachofanya kazi? Ni kwa sababu toleo la zamani hufika siku likaacha kuzibiwa nyufa za usalama, na mwizi wa mtandaoni hapigi hodi.

Nilianza kwa kunakili kila kitu kwenye diski ya nje. Lakini nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu. Kwa hiyo niliirudisha ya baba mahali pengine, nikafungua kanda mojawapo. Nikamsikia akikohoa kidogo kabla ya kusema, kama ilivyokuwa desturi yake. Hapo nikajua kwamba nakala ni nzima.

Kisha nikaendesha programu ya ukaguzi inayokuja na Proxmox, ambayo hutangulia kutazama kama nyumba iko tayari. Ikamtaja mpangaji mmoja: yule wa duka. Yeye si mashine pepe kamili bali ni kontena, ambayo hutumia kiini kimoja na seva yenyewe, na ndani yake mlikuwa na Ubuntu ya mwaka 2016. Toleo jipya halimpokei mtu wa umri huo. Ilibidi hesabu zihamishiwe kwenye kontena mpya kwanza. Dada akaja, akakagua mstari kwa mstari.

"Madeni ya watu yamo yote?"

"Yamo, dada."

"Basi endelea."

Usiku ule nilibadilisha anwani za hazina ambamo programu huchukuliwa, nikaamuru usasishaji uanze, nikaketi kuyasoma maandishi yakipita. Mwisho nikaizima seva na kuiwasha upya. Dakika zile chache za kioo cheusi ni ndefu. Wapangaji wakaamka mmoja baada ya mwingine, na asubuhi hakuna aliyejua kwamba msingi umebadilishwa. Kazi ya utunzaji ndivyo ilivyo: ikifanywa vema, haionekani.

Lakini mpwa wangu, aliyekesha pamoja nami, aliuliza swali lililonikosesha usingizi kuliko kioo cheusi. "Mjomba, siku usipokuwepo, nani ataifungua hii?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Tunahesabu diski, tunahesabu nakala, na huku ujuzi wote umelala katika kichwa kimoja chenye mvi. Sauti ya baba ilivuka kutoka kaseti hadi diski kwa sababu palikuwa na mtu wa kuivusha, itahitaji mwingine. Siku hizi lipo daftari la kurasa mia, lenye kila hatua kwa Kiswahili, na kila mwisho wa mwezi kijana ndiye anayerudisha nakala. Mimi huketi kando yake, mikono nikiwa nimeiweka magotini, nikijizuia kumwelekeza.