Kodi Imelipwa, Tulisema

Kila mwezi, baada ya swala ya Ijumaa ya kwanza, kaka yetu alikuwa akipiga simu kutoka Muscat. Alianza kwa salamu, akamuulizia mama, akataka kujua kama mvua zimenyesha na pamba imekuwaje, kisha mwisho kabisa akauliza: "Na kodi imelipwa?" Nasi tulimjibu kwa moyo mkunjufu kwamba imelipwa yote, alhamdulillah. Mazungumzo hayo yaliendelea kwa miaka sita, na hapakuwa na yeyote kati yetu aliyesema uongo. Yeye aliulizia haki ya serikali; sisi tulimjibu juu ya fedha za wapangaji. Lugha yetu imeyapa mambo mawili jina moja, na ndani ya jina hilo undugu wetu ulikaribia kuvunjika.

Sisi ni ndugu wawili tuliobaki nyumbani. Mmoja anaishi na mama Shinyanga mjini, mwingine ana duka dogo Geita. Kaka aliondoka angali kijana, kama walivyoondoka vijana wengi wa Shinyanga, Nzega na Tabora ambao jamaa zao wana mguu mmoja huku na mwingine Oman. Hakubadili uraia wake. Geita ilipofanywa kuwa mkoa mwaka 2012, na mji ukaanza kupanuka pembezoni mwa mgodi, alinunua kiwanja akajenga fremu nne za maduka. Hati ni ya jina lake. Mapato yote aliyaelekeza kwa mama: dawa zake, chakula, na kitu kidogo kwa madrasa ya jirani. Sisi kazi yetu ilikuwa kukusanya na kufikisha.

Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kudhani kwamba fedha zile zina kodi ya mapato. Tulikuwa na hoja tatu, na kila moja ilitutosha. Ya kwanza, mwenye nyumba haishi nchini. Ya pili, hapati faida yoyote, kwa kuwa senti zote humwendea mama. Ya tatu, serikali tayari tunailipa: pango la ardhi hatukuliacha, na kodi ya jengo tangu mwaka 2021 hukatwa kila tunaponunua umeme. Tulijiona watu waaminifu. Pengine ndiyo maana hatukuuliza.

Kisha fremu moja ilichukuliwa na kampuni ndogo inayotoa huduma kwa wachimbaji. Pango lilikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza zikaja 270,000. Tulikwenda ofisini kwao tukiwa tumekasirika, na mmoja wetu alitamka maneno ambayo mpaka leo anayaombea msamaha. Mhasibu wao, kijana mtulivu, alitueleza kwamba mpangaji anayefanya biashara anatakiwa na sheria kuzuia asilimia 10 ya pango, kuipeleka Mamlaka ya Mapato ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na kumpa mwenye nyumba cheti cha kodi hiyo ya zuio. Alitupa cheti. Tulikitia ndani ya bahasha bila kukisoma, tukatoka tukinung'unika kwamba tumedhulumiwa. Aliyedhulumiwa ni yule kijana.

Mwezi wa Shaaban, Februari 2024, mama aliugua sana. Kaka akaja, akakaa. Akafunga Ramadhani pamoja nasi, Mfungo Mosi ukapita, Idd ya kuchinja ikamkuta hapa, na aliporudi Muscat ilikuwa mwezi wa Safari, mwanzoni mwa Septemba. Ni katika miezi hiyo aliifungua ile bahasha. Alikisoma cheti, kisha akaomba mikataba ya wapangaji. Akaisoma yote minne, mmoja baada ya mwingine, pale barazani kwa mama.

Cheti kilikuwa na jina letu. Na mikataba yote, mahali palipoandikwa "mwenye nyumba", ilikuwa na jina letu na saini yetu.

Tuliapa kwamba tulifanya hivyo kwa wepesi tu, kwa kuwa yeye yu mbali na wapangaji hawasubiri. Hakutukaripia. Alinyamaza muda mrefu, akauliza: "Nikifa leo, wanangu walioko Muscat wataonyesha nini? Na nyinyi mkifa kabla yangu, watoto wenu watakuta karatasi zinazosema fremu ni za baba yao. Nani atawaambia vingine?" Hatukuwa na jibu. Kwa siku kadhaa tulikula sinia moja bila kuzungumza. Tulijua anajiuliza kama ndugu zake ni wezi, naye alijua kwamba tunajua. Mama, aliyekuwa kitandani, ndiye aliyelikata jambo. Alisema hataki kula chakula ambacho watoto wake wanatazamana kwa ajili yake, na akatuamuru twende kwa wanaojua.

Tulikwenda watatu pamoja. Mengi tuliyoyasikia tumeyaandika hapa kwa sababu tunaamini nyumba nyingi za Waislamu katika ukanda huu wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, zina bahasha kama yetu.

Jambo la kwanza ni kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiangalii mapato yametumikaje, bali yamepatikana wapi na ni ya nani. Pango la jengo lililopo Tanzania ni mapato ya Tanzania, hata kama mwenye jengo yuko Muscat, Kigali au London. Kumpa mama fedha zote ni wema mkubwa, lakini hakuyafanyi mapato yasiwe mapato. Aidha, kodi ya jengo na pango la ardhi ni vitu vingine kabisa. Havifuti kodi ya mapato. Na kwa kuwa mkataba ulimtaja mkazi wa Geita, kampuni ilizuia kodi kwa kiwango cha mkazi na kwa jina lisilo la mwenye mali. Mtu asiye mkazi ana viwango vyake. Hivyo hata kile kilicholipwa kililipwa kwa jina la mtu mwingine.

Jambo la pili lilimshtua kaka zaidi. Ofisa alimwomba pasipoti, akahesabu mihuri. Mtu aliyekuwapo nchini kwa siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato huhesabiwa kuwa mkazi kwa mwaka huo, awe amekusudia au hakukusudia. Anaweza pia kuwa mkazi akiwa na makazi ya kudumu hapa na akawapo kwa sehemu yoyote ya mwaka, au akiwapo kwa wastani unaozidi siku 122 katika mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia. Uraia hauingii katika hesabu hiyo. Kaka alikuja kumuuguza mama, akaivuka siku ya 183 bila kujua. Na mkazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima. Sehemu yake katika duka la vitambaa analoshirikiana na wenzake kule Ruwi ikawa nayo ni ya kutajwa katika ritani ya mwaka 2024.

Iko nafuu kwa mtu ambaye katika uhai wake wote hajapata kuwa mkazi wa Tanzania kwa zaidi ya miaka miwili: mapato yake ya nje hayaguswi. Lakini hiyo humfaa mgeni. Kaka alizaliwa hapa Shinyanga na kukulia hapa. Iko nafuu nyingine pia: kodi uliyoilipa ugenini kwa mapato hayo hayo inaweza kupunguzwa katika kodi ya hapa, na zipo nchi chache, kama India, Afrika Kusini, Zambia na Kanada, zenye mikataba na Tanzania ya kuzuia mtu asitozwe mara mbili. Ila kule Oman mtu binafsi hakuwa akitozwa kodi ya mapato. Sheria ya kuianzisha ilitolewa mwaka 2025, itaanza Januari 2028 kwa asilimia 5 ya mapato yanayozidi riali 42,000 kwa mwaka. Asiyelipa kitu kule hana cha kupunguza huku.

Tulipotoka tulipitia kwa sheikh wetu. Mmoja wetu alitaka kusikia kwamba aliyetoa zakat amekwisha maliza. Sheikh alitueleza kwa upole kwamba hizo ni haki mbili, na moja haiibebi nyingine. Kwa rai ya wanazuoni wengi, jengo la kupangisha lenyewe halitolewi zakat. Fedha za pango zikihifadhiwa zikafika nisabu na kupitiwa na mwaka ndipo hutolewa asilimia 2.5. Kisha akatuuliza kama tunaikumbuka aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Tunaikumbuka: imo katika Suratul Baqara, nayo inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Akasema Mola wetu hakuirefusha bure. Akaongeza kwamba deni la maiti hutangulia mirathi, na kwamba mrithi anayegawiwa mali yenye deni lililofichwa amegawiwa ugomvi.

Kaka alisajili namba yake ya utambulisho wa mlipakodi, mikataba yote minne ikaandikwa upya kwa jina lake, nasi tukatajwa kama wawakilishi kwa idhini ya maandishi. Malimbikizo yalikuwa makubwa kuliko tulivyotarajia, na riba juu yake. Tulikwenda wenyewe kabla ya kuitwa, tukaomba kulipa kwa awamu. Kwa kuwa saini zilizopotosha zilikuwa zetu, sisi wawili tuliomba kubeba theluthi ya mzigo huo, na kaka alikubali baada ya kukataa mara mbili. Matumizi ya mama hayakuguswa. Yule mhasibu wa kampuni tulimfuata tukamwomba radhi. Alicheka, akasema amezoea.

Wasia wetu kwa familia zenye ndugu ughaibuni ni mfupi. Andikeni mkataba kwa jina la mwenye mali halisi. Mpangaji akizuia kodi, daini cheti mkihifadhi, na risiti zote zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano. Anayerudi nyumbani kwa miezi mingi ahesabu siku zake kabla hajahesabiwa. Ritani ya mtu binafsi hutakiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kwisha, yaani kufikia Juni 30. Na mwenye jengo Bujumbura, Kampala au Kigali ilhali anaishi Kahama asidhani mpaka unamficha. Naye ni mkazi wa hapa.

Mama amepata nafuu, anatembea hadi barazani. Simu ya Ijumaa ya kwanza haijakoma. Ila sasa kaka huuliza maswali mawili: "Pango limepokelewa? Na ya serikali imepelekwa?" Nasi humjibu moja moja, tukimsomea namba ya risiti, naye huiandika.

Mwenyezi Mungu azihifadhi mali zetu dhidi ya haramu, na undugu wetu dhidi ya shaka. Wabillahi tawfiq.