USIMFUTE BABU YAKO

Asubuhi hii fungua Mathayo 1, ule ukoo mrefu ambao wengi wetu huuruka tukisoma Biblia. Uache wazi hapo, tutaurudia.

Kati ya mwaka 1788 na 1868, Uingereza iliwapeleka Australia kwa meli wafungwa wapatao 162,000. Mmoja wao alikuwa msichana, Mary Haydock. Alitoroka nyumbani akiwa amevaa kama mvulana, akashtakiwa kwa wizi wa farasi, akahukumiwa miaka 7. Alikuwa na umri wa miaka 13 tu. Meli ilimfikisha Sydney mwaka 1792.

Huko akaolewa na Thomas Reibey. Mwaka 1811 mumewe akafariki, akamwachia watoto 7 na biashara. Mama huyo akazishika zile biashara mpaka akawa tajiri. Mjukuu wake alikuja kuwa waziri mkuu wa Tasmania. Leo ukishika noti ya dola 20 ya Australia, picha iliyo pale ni ya Mary Reibey.

Lakini sikiliza hili. Mwaka 1828 ilifanyika sensa, na kila mtu aliulizwa alifikaje. Mary akajibu kwamba alikuja mwaka 1821 akiwa mtu huru. Mpendwa, ni kweli alikuwa ametembelea Uingereza akarudi mwaka huo. Akatumia safari ya pili kuifunika ile ya kwanza.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Hata mimi nimewahi kufanya hivyo.

Tulipomzika baba yangu, mimi ndiye niliyeandika wasifu wake. Nilipofika kwa babu, niliandika kwamba alifanya kazi mbali na nyumbani kwa miaka kadhaa. Babu hakuwa kazini. Alikuwa jela kwa kuiba ng'ombe wa jirani. Nikasoma maneno yale mbele ya kanisa, nimeshika Biblia mkononi.

Jioni, watu wakiwa wameondoka, shangazi yangu aliniita jikoni. Hakupiga kelele. Akaniuliza, "Mchungaji, mbona umemficha baba yangu?"

Nikamwambia nilitaka kulinda jina la familia. Akasema, "Basi hujui alivyorudi." Akanieleza. Babu alipotoka jela hakupitia kwanza kwake. Alienda kwa yule jirani, akasimama langoni, akaomba msamaha. Kisha akamlimia shamba msimu mzima bila malipo. Shangazi alikuwa msichana mdogo, ndiye aliyempelekea uji kule shambani.

Mpendwa, nilipoficha kosa la babu nilizika na toba yake. Watoto wangu wangekua bila kujua kwamba katika damu yao kuna mtu aliyesimama kwenye lango la aliyemkosea.

Huko Australia pia, familia nyingi zilificha miaka mingi kwamba zimetoka kwa wafungwa. Leo wajukuu wa wajukuu wanapekua kumbukumbu za zamani, na mara nyingi wanapata jina la meli, kosa, kimo, rangi ya macho, hata makovu ya mwilini. Karatasi iliyoandikwa ili mfungwa asipotee machoni pa serikali, sasa inamrudisha kwa watoto wake.

Nasi Wapentekoste tuna tabia moja. Tunawakumbuka mababu siku ya mkesha wa kuvunja laana tu! Tunawataja, tunawakemea, tunaenda nyumbani. Nani amewahi kuketi na shangazi amuulize, "Yule mzee aliishije baada ya pale?" Ezekieli 18 inatufundisha kwamba mwana hauchukui uovu wa baba yake. Kama huubebi, kwa nini unauogopa?

Sasa rudi Mathayo 1. Yumo Tamari. Yumo Rahabu wa Yeriko. Na mama yake Sulemani ametajwa kama mke wa Uria, ili Daudi asisahaulike alichofanya. Mathayo angeweza kuwaruka. Roho Mtakatifu hakumruhusu. Mwokozi wetu hakuona haya kuzaliwa katika orodha hiyo.

Wiki hii mpigie simu mzee mmoja wa kwenu kabla hajaondoka na habari zake. Uliza kwa heshima. Sikiliza mpaka mwisho, usikomee kwenye kosa. Mimi wasifu wa baba nimeuandika upya, na Jumapili jioni niliwasomea watoto wangu, shangazi akiwa ameketi pale.

Tuombe: Bwana Yesu, tusamehe uongo tuliousema kwa kulinda majina yetu. Tupe ujasiri wa kusema kweli kuhusu tulikotoka, na macho ya kuona rehema yako mahali tulipoona aibu. Amina.

Ni nani wa kwenu ambaye hatajwi? Mwombee leo aliyebaki anayemkumbuka. Nawapenda, tuonane ibadani.