Tuliusingizia Umri



Mwaka jana, katika darsa ya baada ya Alasiri, tulikuwa tukisherehesha ile hadithi mashuhuri ya kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Kijana mmoja akainua mkono. "Samahani Maalim, na lako waligawa vipi?" Watu wakainamisha vichwa wasicheke. Tulicheka sisi, lakini usiku ule usingizi haukuja.

Juma lililofuata tukapimwa sukari kabla ya kufungua kinywa: 6.6. Daktari akasema bado si kisukari, maana hicho huanzia 7.0, ila tumefika kizingitini. Tukamjibu kuwa ni umri. Mtu akivuka hamsini, mwili huwa mzito kuchoma chakula. Akatikisa kichwa. Akatueleza utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wa watu zaidi ya 6,400, ulioonyesha kwamba uchomaji huo, ukilinganishwa na ukubwa wa mwili, hautelemki baina ya miaka 20 na 60. Kinachotuponza, alisema, ni misuli iliyolala, nayo ndiyo hupokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo.

Tukajihesabu. Asubuhi mahamri manne kwa mbaazi. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, mara tano kwa siku. Kisha tuktuk hadi msikitini, mwendo usiozidi robo saa kwa miguu! Na fadhila za hatua za msikitini tulikuwa tukizihubiri sisi wenyewe.

Pilau hatukuiacha, tusidanganyane. Ahli yetu sasa huijaza nusu ya sahani kachumbari na mchicha, na mahamri yamebaki mawili. Sukari ya chai tulipunguza kijiko kimoja kila mwezi, kwani siku tuliyoikata ghafla tuliwakaripia watoto wa watu bure. Baada ya chakula cha mchana, saa ambayo zamani tulijinyoosha mkekani, twatembea hadi Ngomeni na kurudi. Alfajiri, baada ya nyiradi, twainuka kitini na kuketi mara ishirini bila kushika popote. Zoezi dogo, lakini mapaja yalitetemeka siku nne. (Anayetumia dawa za sukari na amuulize daktari wake kwanza.)

Kipimo cha juzi kilikuwa 5.9. Daktari hakutusifu sana; ametutaka turudi baada ya miezi mitatu. Na yule kijana angali huketi safu ya mbele.